Mgongo wa Fuko

Hapo zamani Mbuni alitaga mayai bondeni, akaweka walinzi wawili ambao hawajawahi kuonana ana kwa ana. Fuko alisikiliza chini ya ardhi, na Pimbi, mkuu wa zamu, alitazama kutoka juu ya jabali. Kila asubuhi waliitana kupeana habari, na Pimbi hakukubali kuanza bila salamu.

"Fuko, umeamkaje? Na mgongo?"

"Unaniua, dada Pimbi. Mwanao je, kashaota jino?"

Mbuni akafyonya. "Nimewaweka mlinde, si kuulizana migongo! Semeni kuna adui au hakuna, basi."

"Sisi ndivyo tunavyofanya kazi, mama," Pimbi alijibu, kifua mbele.

Asubuhi moja sauti nzito ikatoka shimoni. "Huku shwari. Mama Mbuni aende tu akanywe maji."

Mbuni alikwisha kupiga hatua. Pimbi akauliza, "Na mgongo, Fuko?"

"Mzima kabisa!"

Pimbi akaruka. "Rudi kwenye mayai, mama! Huyo si Fuko!"

Mbuni akageuka na kupiga teke mdomoni mwa shimo. Nguchiro, mwizi wa mayai, akachomoka na kutokomea vichakani. Fuko, aliyezibiwa njia kwa udongo, akajichimbua huku akilalamika, na Pimbi juu ya jabali akatamba kama mwenye mji.

Kesho yake Mbuni ndiye aliyeita wa kwanza.

"Fuko, baba, mgongo vipi?"

"Unaniua, mama."

"Alhamdulillahi," akasema Mbuni, akaenda kunywa maji.