Kengele za Mbuzi

Wodi ya wazazi ya mji ule haikuwa na kitu cha kumwitia muuguzi. Nesi Zawena ndiye aliyewaza kengele za mbuzi. Alizinunua gulioni, akazifunga vitandani kwa utepe. Mzazi akizidiwa aligusa tu, na Zawena huyo, mbio.

Akaja metroni mpya. "Hapa hospitali au zizi? Zitoe!"

"Mama, zinasaidia. Sauti ya aliyetoka kuzaa ni ndogo."

"Nani kakutuma kubuni? Wodi ya baba yako hii?"

Wauguzi wenzake wakacheka. Zawena akazifungua zote, akazitia mkobani. Haya, kumbe si yangu, akasema moyoni. Tangu hapo akafanya yaliyoandikwa, basi: kupitia vitanda saa nne, kisha saa kumi. Mtu ukimvunja moyo, mikono hubaki kazini, masikio yakaenda zake.

Siku moja, saa nane mchana, mvua ikapiga bati kama mawe. Siwema, aliyejifungua asubuhi, akaanza kutoka damu nyingi. Akaita. Akaita tena. Zawena alikuwa hatua chache tu, ameketi, anangoja saa kumi ifike.

Mvua ilipokatika, mama yake Siwema aliingia na uji wa pilipili manga. Kitoto kilikuwa kikilia peke yake. Akafunua shuka: godoro limelowa damu, na Siwema ameshapoa.

"Mwanangu," alimwambia Zawena taratibu, "hata hukumsikia?"

Zawena akakimbilia mezani kutafuta glavu. Mkoba ukaanguka, kengele zikatawanyika sakafuni zikilia, na kile kitoto kikanyamaza, kikizisikiliza.