Tisa Isiyo na Mtu

Jezi namba tisa ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, na Gaspare Loiodice aliibeba mbali na mwili wake, kama mtu aliyepewa samaki aliyevunda akatupe. Mvua ya kwanza ya Septemba ilimpiga njia nzima, kutoka posta anakofanya kazi mpaka nyumbani kwa Mama Savino. Gari lake aliliuza kama vyuma chakavu miaka kumi na miwili iliyopita, na hajanunua jingine.

Mama Savino alikuwa mezani anatengeneza tambi za Jumapili, akivibonyeza vipande vya unga kwa kisu, kimoja kimoja.

"Umelowa chepechepe," alisema. "Bado tu hujanunua gari?"

"Kutembea ni afya, mama."

"Afya! Mtu mzima na mshahara wa posta, unakwenda kwa miguu kama mbuzi." Alimsukumia taulo. "Haya, jifute. Kisha useme kilichokuleta."

Kilichomleta hakikuwa chepesi kutamka. Timu ya mji ilikuwa imeshuka daraja, tena imeshuka vibaya, mpaka ligi ya ridhaa. Huko sheria haibembelezi mtu: kumi na mmoja wanaoanza mechi huvaa namba moja hadi kumi na moja, bila kuruka hata moja. Na timu hii ilikuwa haina tisa. Namba hiyo ilistaafishwa miaka kumi na miwili nyuma, wiki ileile Savino, mshambuliaji wao mwenye miaka ishirini na mitatu, alipokutwa amekufa alfajiri kando ya barabara ya mizeituni, na viatu vya mazoezi miguuni. Gari lililomgonga halikujulikana mpaka leo.

Klabu ilimwandikia mama yake ahadi kwamba namba hiyo haitavaliwa mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo. Naye akatoa sharti moja: kila mechi ya nyumbani, tisa isomwe pamoja na nyingine. Viongozi walitaka kumleta mtangazaji wa redio kutoka Bari aje kuisoma kwa mbwembwe. Mama akakataa katakata. Asome Gaspare, alisema, mtangazaji wetu wa siku zote. Watu wakaona hapo kuna mapenzi.

Basi ndivyo ilivyokuwa kila mechi ya nyumbani. Gaspare anasoma nane, anapumua, anasema "Tisa", na uwanja mzima unanyamaza. Mama Savino anasimama jukwaani na gauni lake jeusi, uso ameuinua kwenye kibanda cha mtangazaji. Kumi haisomwi mpaka mama akae. Zipo siku alizokaa upesi. Zipo siku alizosimama mpaka refa akaanza kutazama saa, na Gaspare huko juu jasho likimtiririka mgongoni, katikati ya Januari.

Watu walimpenda kwa jasho lile. Wangejua usingizi ulivyomhama! Jumamosi chakula kilikuwa hakipiti. Mara mbili aliandika barua ya kuacha utangazaji, mara mbili akaichana, kwani angemweleza nini yule mama? Sasa ligi ya ridhaa imemfungulia mlango, na mtu mzima yule alikuwa tayari kupiga magoti juu ya sakafu yenye unga ili tu apite.

"Tumepata kijana kutoka Foggia," alisema. "Anaitwa Ruggiero. Ana adabu, na mguu wa kushoto anao. Mama ukikataa, tutakuwa tunafungwa mezani kila wiki. Timu itakufa."

"Hayo ni ya klabu. Wewe je?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Nakuuliza wewe, Gaspare."

Kisu kilikuwa kimetulia. Gaspare alitazama vile vipande vya unga, akatazama mikono yake iliyolowa, akaona hana pa kujificha.

"Nimechoka, mama." Ile sauti yake nzuri, inayosikika mpaka sokoni, ilikuwa imekauka. "Najua ni heshima. Wengine wangeililia. Lakini mimi siiwezi tena. Nikisema tisa nahisi kama nitaanguka. Niruhusu niache."

Mama Savino alifuta mikono kwenye aproni. Aliitoa jezi kwenye ule mfuko, akaikung'uta, akaitandika mapajani na kunyoosha kola yake kwa kidole gumba, taratibu. Hakulia. Gaspare ndiye aliyekuwa analia.

"Karatasi ya ruhusa iko wapi?"

Alimpa. Mama alitia saini, herufi kubwakubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara, na unga ukabaki pembeni mwa jina lake.

"Huyo kijana aivae kesho. Asiioshe kwa maji ya moto, namba itabanduka."

Gaspare alihisi mabega yakimshuka. Miaka kumi na miwili, na imekwisha kwa saini moja. Aliubusu mkono wa yule mama, akakunja karatasi, akaiweka kifuani isilowe, akaelekea mlangoni kabla mama hajabadili mawazo.

"Sijakwambia uende."

Aligeuka. Mama Savino alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika meza, uso ameuinua kwake vilevile kama jukwaani.

"Namba nimeitoa kwa sababu miguu yangu haisimami tena," alisema. "Nilisema moyoni, ataniambia mwaka huu. Nikasema, basi mwakani. Polisi sijawaambia neno, wala sitawaambia. Njoo ukae, Gaspare. Ulipokwisha kumgonga mwanangu ukashuka kumtazama, alisema nini?"