Chungu cha Kwanza

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hilo mchanganyaji mwenyewe halibishi. Nani alimtuma atambe mbele ya mama anayeendesha mashine ya kukandamiza kwamba vyungu vinne atavimaliza kabla ya saa sita mchana?

Kazi yake kiwandani ilikuwa kuyeyusha plastiki na kuikoroga na unga wa madini, lile rojo linalojazwa ndani ya kinga za umeme. Siku za kawaida plastiki huziba njia ya umeme kwenda ardhini. Umeme ukipanda ghafla, unga huifungua, balaa lote likashuka ardhini badala ya kuingia kwenye friji ya mtu. Sharti ni moja: kila chungu kikorogwe kwa saa mbili, unga usishikane mabonge.

Chungu cha kwanza alikipa saa zake mbili, maana mpimaji wa ubora huchota sampuli hapo tu. Vitatu vilivyofuata alivipa dakika ishirini ishirini. Saa sita kasoro, mama wa mashine akampa mkono, naye akatembea kama jogoo.

Kinga zilipofika madukani, jogoo akanywea. Kila wingu likitanda, aliacha chakula akatoka kutazama juu. Kilichomtuliza ni kimoja: kinga ya dada yake aliijaza mwenyewe kwa rojo la chungu cha kwanza. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Dada yake alikuwa akitotolesha vifaranga kwa mashine. Siku alipopelekewa zawadi hiyo, aliigeuza-geuza.

"Umeitengeneza wewe? Kama ile redio yangu?"

"Dada, redio ilikuwa mambo ya utoto."

"Ilitoa moshi."

Wakacheka, na dada akaipokea kwa mikono miwili.

Mwezi haukuisha, radi ikapiga nguzo ya umeme ya mtaa wa dada. Asubuhi mchanganyaji akaomba ruhusa, akaenda mbio. Alimkuta dada ameketi kando ya mashine, mlango wazi, waya unanuka kuungua. Mayai mia nane, yamebakiza siku mbili kuanguliwa. Akashika moja. Lilikuwa baridi kama kokoto.

"Kinga za kiwanda chenu hizo," dada akasema.

"Labda nyaya zako, dada."

"Nyaya fundi alizikagua juzi."

"Basi radi ilizidi kipimo. Ile haiwezi kushindwa. Niliikoroga kwa mkono wangu, saa mbili kamili, naapa."

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwezi mzima, na bado jasho lilimtiririka mgongoni.

Dada akamtazama, akafunga mlango wa mashine taratibu.

"Nani ameitaja yako? Yako nilimpa jirani tunayepakana ukuta, na friji yake inanguruma mpaka sasa. Mayai mia nane nimkabidhi fundi wa ile redio? Nilikwenda dukani, mdogo wangu, nikanunua ile mnayowauzia watu."