Biolojia ya Tunu

Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga jikoni, kabla ya alfajiri, Zawena alipobisha hodi akiwa na sare ya shule. Mama Tunu alimkaribisha, akammiminia chai, akaipoza kwa kikombe cha pili kama alivyompozea bintiye Tunu kila siku kabla binti huyo hajafariki.

"Mama, leo tunachagua masomo ya sekondari. Mimi na Tunu tuliahidiana biolojia, tuje kuwa wauguzi. Lakini mimi napenda kuchora. Nikiiacha biolojia, nitakuwa nimemtupa Tunu?"

Mama Tunu alicheka ghafla, machozi yakimtoka.

"Tunu huyu huyu aliyekuwa akikimbia tukichinja kuku? Aliniambia, 'Mama, damu siiwezi, lakini Zawena anaitaka sana biolojia. Nitamwachaje peke yake?'"

Zawena aliweka kikombe chini.

"Na mimi niliitaka kwa ajili yake."

Mama Tunu akamfuta machozi mashavuni kwa ncha ya kanga, akamfunga kifungo cha kola.

"Nenda kachore, mwanangu," alisema mlangoni. "Ila usinipotee. Pitia hata jioni. Bado sijazoea kukaa bila mtu wa kumngojea."