Mbwa Amekula Kiasi Gani?

Mbwa alikuwa amemaliza maji ya bakuli lake, akamaliza ya ndoo ya kudekia, na sasa kichwa chake chote kilikuwa ndani ya choo.

"Chifu, wewe! Kiu gani hiyo?" Kerubo alimvuta kwa ukanda wa shingo hadi sebuleni. "Nje theluji, yeye anakunywa kama ametoka jangwani!"

Sebule ilikuwa imejaa. Siku hiyo Wanjala, aliyetaka kumwoa Alice, alikuwa ameletwa Columbia Heights, huku Marekani, kutazamwa. Wazazi wa Alice walikuwa Kisii, na walishasema kwenye simu: kijana akikubaliwa na shangazi Kerubo, nasi tumemkubali. Kerubo naye alikuwa na kipimo kimoja tu, krispi zake za muhogo. Alizikaanga mwenyewe, akazitia pilipili, halafu chumvi kana kwamba anakausha samaki. Kila mgeni alizisifu. Mchumba wa kwanza wa Alice aliacha nusu sahani, na katika mtaa ule hakuonekana tena.

Sahani ya Wanjala haikuwa na hata chenga.

Chifu akatapika kwenye zulia.

Wengine walitaka afungiwe chumbani. Kerubo hakukubali, hakuwahi kukubali mbwa huyo atolewe mbele ya wageni. Rafiki yake Susan, ambaye ni nesi, alishampata daktari wa mifugo kwenye simu.

"Anauliza amekula nini."

"Chakula chake tu," Kerubo alisema. "Hapa kwangu nani atampa mbwa chakula cha watu?"

Alice alimkanyaga Wanjala mguu chini ya meza. Wanjala akamtazama Chifu, ulimi nje, akihema.

"Amekula krispi, Anti," alisema. "Sahani yangu yote. Nisamehe."

Alice akajifunika uso. Kutoka jikoni mtu alinong'ona, "Basi. Harusi imekwenda."

Susan alisema, simu ikiwa sikioni. "Daktari anasema sahani moja haimfanyi hivi mbwa wa ukubwa huu. Lazima ajue kiasi chote, ndipo aamue kama tumpeleke au tukae naye hapa, tumpe maji kidogo kidogo. Nani mwingine?"

Mume wa Kerubo, Baba Bravin, alikohoa. "Ongeza bakuli moja."

"Baba Bravin! Hata wewe?"

"Mama, mimi naogopa mbwa tangu utotoni. Ulidhani niling'ang'ania tufuge huyu kwa nini?"

Mtu akacheka, akajikatiza. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Alice, bila kuondoa mikono usoni, alikiri viganja viwili. Kutoka jikoni sauti ikataja kiganja kingine, na nusu kiganja cha mtoto wake.

"Na wewe Susan?" Kerubo aliuliza. "Wewe uliyenipigia jana kuniomba nikufungie za kwenda nazo kazini?"

"Zangu nilishamtajia daktari," Susan alijibu, akitazama dari.

Kerubo aliwazungushia macho mmoja mmoja, mikono kiunoni. Akaishia kwa Wanjala.

"Wewe."

"Naam, Anti."

"Waambie wazee wako walete posa."

Alice alitoa mikono usoni.

"Daktari bado anasubiri," Susan alisema. "Niseme ni hizo tu?"

Kerubo aliinama, akampangusa Chifu mdomo kwa ncha ya leso yake.

"Mwambie aongeze mabakuli mawili."

"Mawili? Ya nani tena?"

"Yangu. Miaka yote hii mnazisifu, nami nazidi kukaanga. Mlitaka nizipeleke wapi?"