Shukrani kwa Taarifa

Mzee Kobelo, katibu wa chama cha wafanyakazi, hakuwa na gari, wala shamba, wala meno ya mbele. Lakini hapakuwa na siri ya kiwanda asiyoijua. Kila asubuhi ukuta wa sebule yake, ambao kiwanda kiliutia kipaza sauti na tundu la barua, ulimsomea yote waliyoamua wakubwa jana yake. Ndivyo sheria ilivyotaka, na jambo ambalo chama hakikulipinga kwa barua kabla ya saa sita lilihesabiwa kuwa limekubaliwa.

Siku hiyo ukuta ukasema idara ya kutia rangi itaachiwa mashine, na watu wake wote wataondolewa. Mkewe, aliyetia rangi katika idara hiyo kwa miaka ishirini, akaweka kikombe chini.

“Baba Mwaija, mmeshapinga mangapi?”

“Bado hata moja. Zamani hata kuambiwa hatukuambiwa, mama. Leo wanatueleza mpaka vifungu.”

“Basi leo nipingie mimi.”

“Naandika.” Akavaa miwani, akawashukuru wakubwa kwa uwazi wao na lugha yao fasaha, kwa mwandiko wa kupendeza, hadi karatasi ikajaa.

“Umewaambia hatutaki?”

“Hilo wataelewa wenyewe, wamesoma wale,” akasema kwa utulivu, akaibandika bahasha, akaitumbukiza kwenye tundu la ukutani, nayo ikaenda.