Koti la Shemeji

Kila jioni akirudi kutoka kazini, mume wa Adela aliivua bastola yake kiunoni na kuifungia kabatini. Aliichagua ndogo ili isionekane chini ya shati, lakini mezani hakukaa nayo kamwe.

Leo alikaa nayo. Na mgeni alikuwa mdogo wake tu, kutoka mji wa Gaithersburg.

Adela alimletea shemeji yake maji ya kunawa.

"Vua koti basi, shemeji. Joto lote hili?"

"Niko sawa, shemeji. Nasikia baridi."

Jasho lilimtoka puani. Alinyoosha mkono mmoja tu. Wa pili ulibana koti ubavuni.

Mumewe hakuinua macho.

Adela aliweka birika chini, akamnyanyua binti yake kitini.

"Twende juu, mama. Tutakula baadaye."